Nilifyonza Makoti, Pafu Likaanguka

Naanza na ujinga, ndipo nije kwenye ugonjwa. Mama amesema nikianza na ugonjwa mtanihurumia kabla hamjajua kwamba sistahili. Basi jueni mapema: mimi Athmani, kijana wa miaka kumi na sita, mwenye akili timamu na alama nzuri za hesabu, niliweka mdomo kwenye mfuko wa plastiki uliojaa makoti ya watoto, nikaufyonza hewa yote kama mtu anayekunywa dafu. Nilipoumaliza huo, nikaomba mwingine.

Wasioishi na wafanyabiashara watajiuliza mtu mwenye meno yake kamili anafikaje hapo. Nitawaeleza.

Sisi ni watu wa Mombasa. Baba yuko kule dukani, anapokea mizigo. Mama yuko hapa Guangzhou, China, anainunua na kuituma, na mimi niko naye tangu nilipokuwa mdogo wa kubebewa begi la shule. Tunakaa mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya juu, hatua chache kutoka Huanshi Zhonglu. Ukisimama kidogo kwenye barabara ile utasikia Kiswahili cha Mombasa, cha Nairobi, na cha Lubumbashi kilichopakwa Kifaransa, vyote vikilalamikia bei ileile.

Kabla ya kuugua, nilikuwa kelele iliyovaa viatu. Mwalimu wetu wa darasa alinikalisha mbele kabisa, si kwamba sioni ubao, bali ili yeye anione mimi. Nilikuwa naigiza kikohozi chake vizuri hadi naibu mwalimu mkuu akaitikia salamu yangu akidhani ni yeye. Kwa mwili ni mrefu na mwembamba. Nikisimama karibu na ufagio, mama huuliza tumekuwa wangapi. Na miti? Miti kwangu ilikuwa vitu vya kufungia baiskeli. Ningeulizwa mti ulio mlangoni kwetu una majani ya namna gani, ningesema ya kijani, nikadai maksi.

Mwaka huo nyumba nzima ilikuwa na habari moja tu. Dada yangu Maimuna, kifunguamimba wa mama, alikuwa anaolewa Mombasa mwezi wa Desemba. Mama alikuwa ameshachagua nguo za harusi, amezibadilisha, amezichagua tena. Mpango ulikuwa apeleke mzigo wa mwisho wa makoti, kisha mimi na yeye tupande ndege.

Sasa, makoti. Kila mwaka mama huyanunua Shisanhang, ule mtaa wa nguo za jumla ambako watu hutembea kwa viwiko. Ni makoti ya watoto, ya wateja wake wa Nairobi na Limuru. Koti la namna ile ni jepesi lakini limevimba, na mzigo wa meli huhesabiwa nafasi unayokula. "Mimi nimenunua makoti," mama husema, "sikununua upepo." Kwa hiyo tunayatia kwenye mifuko minene yenye tundu dogo, tunaweka pampu ya umeme, inafyonza, na mlima wa makoti unakuwa mkate wa sinia. Kila familia ya biashara hapa inaijua sauti ya ile pampu. Ndizo nyimbo tulizobembelezewa.

Jumamosi moja ya Oktoba mama alikuwa Shisanhang kulipa deni la mwisho la makoti. Nyumbani tulibaki mimi na binamu yangu Swaleh, mtoto wa mamkubwa, ambaye amekulia Nairobi. Mzigo ulitakiwa kuondoka jioni. Nikamwachia pampu ikiwaka, nikaenda kuchezea simu.

"Buda, pampu imekufa," Swaleh akaita.

"Imekufaje?"

"Imekufa tu. Inatoa moshi. Nimpigie mamdogo?"

"Ukimpigia atauliza nani aliyeiacha ikiwaka."

"Na ni nani?"

"Hilo si swali la leo."

Nikaitazama mifuko. Nikajitazama. Nikamwambia Swaleh kwamba pampu ni nini ila kifua chenye waya, na kifua ninacho. Tukawekeana dau la kuosha vyombo wiki nzima. Yeye akachukua mfuko wake, mimi wangu, midomo ikabana matundu, tukaanza kuvuta.

Wenzangu, inafanya kazi! Ndiyo hatari yake. Unavuta, unabana tundu kwa vidole, unapumua nje, unavuta tena, na koti linasinyaa mbele ya macho yako. Ladha ni ya nailoni mpya. Vumbi la pamba linakuja hadi kooni. Masikio yanalia, macho yanaona nyota, na bado unajiona fundi. Nilikuwa nimemshinda Swaleh mbali, nikavuta mvuto mmoja wa kumaliza ubishi, na hapo kitu kikafanya "pwa" ndani ya kifua, upande wa kulia, chini ya mtulinga.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amepasua ganda la maharage. Kisha maumivu yakaja: shazia, ile sindano ya kushonea magunia, ikapita kifuani ikatokea begani. Nikakaa chini. Nilipojaribu kuvuta pumzi, ilifika nusu ya njia ikagonga mlango uliofungwa.

"Wacha drama, msee," Swaleh akasema. "Vyombo utaosha."

Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyewahi kujifanya nimekufa kwenye lifti.

Swaleh akamalizia mifuko iliyobaki, tukaificha pampu, na mama aliporudi akakuta mifuko yote imelala bapa. Akaipigapiga kwa kiganja, akatutazama kwa mapenzi. "Leo mmefanya kazi kama watu," akasema. Basi ningesemaje tena? Nikasema tumbo limejaa gesi. Akanichemshia tangawizi na ndimu, akanisugua mgongo kwa mafuta ya karafuu hadi nikanuka kama pilau. Nikalala nimeketi, kwa sababu kila nikilaza mgongo, shazia inarudi. Kikohozi kikavu kikaanza. Nikipanda kitandani moyo unanienda mbio kana kwamba nimefukuzwa na mbwa.

Jumatatu nikaenda shule. Darasa letu liko juu, na lifti ni ya walimu. Katikati ya ngazi miguu ikawa uji. Nikashika ukuta, ukaniponyoka, nikaanguka. Rafiki zangu wakacheka kwanza, kwa mazoea, kisha mmoja akaniona midomo akaacha kucheka. "Imekuwa ya zambarau," akasema. Mwalimu wa darasa, yule yule wa kikohozi, alinibeba mgongoni akanishusha hadi chini. Sitamwigiza tena. Angalau si mbele yake.

Hospitalini mama alinikuta, nikapigwa picha ya kifua. Daktari alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani, anaongea haraka. Mama yangu Kichina chake ni cha soko: anajua kuhesabu, anajua "ghali mno", anajua "hakuna", na anajua kumwita muuzaji laoban, yaani bosi, kwa sauti saba tofauti kulingana na anavyotaka kumkamua. Kichina cha mapafu hana. Mkalimani ni mimi, tangu zamani, kama watoto wengi wa hapa. Kwa hiyo niliusikia ugonjwa wangu mara mbili: kwanza kwa daktari, kisha kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Pafu la kulia limetoboka juu," daktari akasema. "Hewa imetoka, imejaa nje yake, imelisukuma likaanguka. Vijana warefu wembamba huwapata hata wakiwa wamelala. Lakini niambie, ulikuwa unafanya nini lilipoanza?"

Kabla sijajibu, akageuza picha. Upande wa kushoto, pafu limejaa vizuri. Upande wa kulia, weusi mtupu, na pafu langu limejikunyata kwenye kona, dogo, bapa.

Mama hakuhitaji mkalimani. Koti lililofyonzwa hewa analijua hata likiwa gizani. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akakumbuka ile mifuko.

"Athmani. Pampu iko wapi?"

Nikamwambia yote.

Alitoa simu kwenye mkoba. Kisha akauliza, "Swaleh naye alifyonza?"

"Alifyonza."

"Mpigie. Aje apigwe picha naye."

Swaleh akaja, akapigwa picha, akaambiwa mapafu yake ni mazima kabisa. Akanionyesha picha ile kila mara alipoweza, kama mtu aliyepata digrii.

Kuhusu mrija nitasema kwa ufupi, kwa ajili ya walio na chakula mbele. Wanakuchoma ganzi ubavuni. Wanakata mahali padogo kati ya mbavu mbili. Kisha wanasukuma, na unasikia unavyosukumwa, ganzi au si ganzi, kama mtu anayejaribu kuingia kwenye basi lililojaa. Mrija unashuka hadi kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda, na hewa iliyokuwa imenibana ikawa inatoka ikifanya mapovu. Blup. Blup. Nilikuwa nalala nikisikiliza kifua changu kikichemka kama birika.

Lakini mateso makubwa hayakuwa mrija. Nilikatazwa kucheka. Mimi! Nikicheka mrija unavuta, na maumivu yanaanzia kwenye ubavu yanakwenda hadi kwenye jino la mwisho. Swaleh alipogundua hilo, akawa anaingia wodini anasimama tu, na uso wake mzito, hasemi neno. Nikamwomba muuguzi amfukuze, na muuguzi akamfukuza, na namna alivyofukuzwa ikanichekesha zaidi.

Siku mrija ulipotolewa, mama akauliza lile alilokuwa amelibeba tangu siku ya kwanza. Aliuliza mwenyewe, kwa Kichina chake, akiweka mikono kama mabawa ya ndege.

Daktari akatikisa kichwa. Akanieleza mimi, nikamweleza mama: hakuna ndege mpaka pafu lijae lote na likae hivyo. Picha ya kuamua itapigwa mwanzo wa Desemba. Likiwa zima, tusafiri. Likianguka tena kabla ya hapo, nitapasuliwa, na safari ya mwaka huo ndiyo basi.

Mama akamtazama daktari kama anavyomtazama laoban wa Shisanhang aliyetaja bei ya kipuuzi. "Ghali mno," akasema. Akainua vidole: wiki mbili? Daktari akacheka, akatikisa kichwa. Mama akaongeza kidole. Daktari akatikisa kichwa. Mama akachukua mkoba wake, akageuka kama anayeondoka dukani, akaenda hadi mlangoni akingoja kuitwa. Hakuitwa. Nawaambieni, katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama akifika mlangoni bila kuitwa.

Akarudi akakaa.

"Basi uende wewe, mama," nikamwambia. "Mimi nitabaki na Swaleh."

"Maimuna ana baba yake kule, ana mamkubwa, ana mashangazi wa kutosha kuvunja ukumbi. Wewe hapa una nani? Swaleh?" Akafyonya. "Usipokwenda, siendi."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa ujinga wangu. Mama angekosa harusi ya mwanawe wa kwanza kwa sababu mimi sikutaka kuosha vyombo.

Daktari akaniandikia masharti. Nisikimbie, nisibebe kitu, nisipige kelele, nisipulize hata baluni. Nitembee kila siku, polepole, mahali penye miti na hewa safi. Nikamfasiria mama hayo yote, na mwishoni nikaongeza la kwangu: "Amesema lazima mama wa mgonjwa awe pembeni muda wote, asimwache hata kidogo, na wasiongee biashara."

Mwenzenu nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kuanguka katikati ya watu kama nilivyoanguka kwenye ngazi. Na kijana wa umri wangu anasemaje "mama, nishike mkono"? Haiwezekani. Bora daktari aseme.

Basi tukaanza kwenda Luhu. Ni ziwa, liko nyuma tu ya makelele ya Huanshi Zhonglu, na bustani yake inapanda kilima. Miaka yote hiyo tumeishi karibu nalo, na hatukuwahi kutia mguu pale. Mama siku ya kwanza alitembea kama anayewahi duka lisifungwe. Akanitangulia, akageuka, akarudi.

"Tunaelekea wapi?"

"Hatuelekei popote."

"Sasa tunatembea nini?"

"Tunatembea tu, mama. Polepole. Amesema daktari."

"Nami mbona naona nachelewa mahali?"

Kwetu vuli ni mvua. Hapa vuli ni ukavu: joto zito la kiangazi linaondoka, anga linasafishwa kama sinia la shaba, na upepo unakuja mwembamba, unaingia puani bila kubisha. Mtu mwenye mapafu mawili hawezi kujua utamu wa hewa ile. Mimi niliijua kwa sababu nilikuwa naipokea kidogokidogo, kama mgonjwa anayelishwa uji kwa kijiko. Nilikuwa navuta hadi pale mlango ulipofungwa, nasimama, nasubiri. Na ukisimama kila baada ya hatua chache, upende usipende utaona vitu.

Nikaona kwamba vitabu vyetu vya shule vinadanganya. Vinasema majani huanguka vuli. Njoo Guangzhou uone! Ile miti mikubwa yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu iko kijani tupu. Majani yake huyaangusha wakati wa machipuko, inapojisikia. Ni miti yenye kichwa kigumu. Nikaipenda papo hapo.

Nikaona mti mwingine ambao hauna adabu kabisa. Shina lake limevimba katikati kama chupa, limejaa miiba minene kama mgongo wa mamba, yaani ukiuona chini utasema huu ni wa kutisha watoto. Kisha unainua macho. Juu hakuna jani, ni maua matupu, ya waridi, makubwa kama kiganja, mamia juu ya mamia, mbele ya lile anga la buluu. Nilisimama mdomo wazi. Sikuwa na mzaha hata mmoja. Nilitafuta ndani ya kichwa, nikakuta pametulia, na haikunitisha.

Mama akaokota ua moja lililoanguka. Hakulinusa. Alilishika kati ya kidole gumba na cha shahada akalisugua taratibu, vile anavyojaribu kitambaa.

"Hii haina nailoni," akasema.

"Ni ua, mama."

"Najua ni ua. Nakwambia rangi hii nimeitafuta kwa ajili ya harusi, duka kwa duka. Nikaambiwa hakuna. Kumbe iko hapa inamwagwa chini."

Simu yake ikalia. Alikuwa laoban wa zipu. Akaitazama, akairudisha kwenye mkoba ikilia vilevile. Nikajua kuna jambo limetokea.

Tangu hapo tukawa tunakwenda kila alasiri. Tukawazoea watu wa pale. Kuna wazee wanaotundika vizimba vya ndege matawini, ili ndege wao waongee na ndege wa nje. Kuna mama mmoja anayeweka mguu wake juu ya reli, juu kuliko kichwa changu, anasoma habari kwenye simu. Kuna bwana anayeandika herufi kubwa kwenye sakafu ya mawe kwa brashi ndefu iliyochovywa maji. Herufi zake ni nzuri mno, na hazifiki mwisho wa mstari kabla ya za mwanzo kukauka.

"Anaandika nini?" mama akaniuliza.

"Hapo ameandika upepo."

"Likikauka?"

"Anaandika jingine."

"Na mteja wake nani?"

"Hana mteja."

Mama akasimama kumtazama hadi upepo ukakauka wote.

Kando ya maji kulikuwa na yangeyange mmoja, mweupe, mguu mmoja juu. Hakutikisika. Mama akadhani ni sanamu.

"Anavua, mama."

"Kwa kusimama?"

"Kwa kusimama."

"Mimi ningekuwa nimeshazunguka ziwa hili nikiwauliza samaki bei yao ya mwisho." Lakini akasimama naye. Tukasimama sote watatu. Nikasikia pumzi yangu ikiingia, ikapita pale mlango ulipokuwa unafungwa, ikaendelea kwenda. Sikusema kitu. Niliogopa kuishtua.

Miti iliyo ndani ya maji ilianza kubadilika Novemba ikiisha. Ina majani membamba kama manyoya, na yakawa mekundu ya hina, na ziwa nalo likapakwa hina. Harufu ya viua fulani vidogo vya manjano, ambavyo huvioni hadi uvitafute, ilikuwa bado kwenye njia, kama asumini za nyumbani lakini na asali ndani. Nilikuwa nimeinua kichwa kuangalia hayo yote, na hapo shazia ikarudi. Mahali pale pale.

Safari hii sikusema gesi.

"Mama. Kifua."

Hakupiga kelele. Alinishika mkono, akanikalisha kwenye benchi, akaweka kiganja mgongoni mwangu. "Vuta kidogo. Toa. Tena." Mimi nilikuwa nawaza safari ya ndege, na Maimuna akiwa amepakwa hina bila mama yake kumshika mkono. Picha ya kuamua ilikuwa karibu hivyo, nami naharibu tena.

Tukachukua teksi hadi hospitalini. Baada ya picha tukangojeshwa kwenye ukumbi. Mama alikuwa anaangalia mbele.

"Daktari hakusema niwe pembeni yako," akasema.

Nikamgeukia. "Ulijuaje?"

"Miaka yote hii nanunua kwa watu ambao lugha yao siijui. Mtu akisema maneno mawili nawe ukanifasiria kumi, najua manane ni yako."

"Sasa mbona ulikuja kila siku?"

"Manane yale ndiyo niliyoyataka."

Daktari akatuita. Akasema pafu liko mahali pake. Kilichochoma ni kovu linavuta, na huenda likavuta tena mara kwa mara. "Umefanya vizuri kuja mapema," akaniambia. Nikamfasiria mama neno kwa neno, sikuongeza hata nukta, na akaniangalia kwa makini kuhakikisha.

Mwanzo wa Desemba nikapigwa picha ya mwisho. Daktari akaitundika kwenye taa. Pafu langu lilikuwa limejaa hadi ukingoni, kama koti lililofunguliwa kutoka mfukoni likavuta pumzi. "Safirini," akasema. Neno moja tu, na mimi mkalimani nikashindwa kulitafsiri. Mama akanisoma usoni, akajua.

Namshukuru Mungu aliyeniachia pumzi nikiwa mpumbavu. Namshukuru mwalimu wangu na mgongo wake, na daktari aliyekataa kupunguza bei. Na nyinyi vijana wenzangu, hasa warefu wembamba mnaojiona chuma: kifua kikikuchoma, sema siku hiyo hiyo, hata kama ukisema utaosha vyombo hadi uoe. Msifyonze kitu ambacho mashine imeshindwa. Na ukipona, usirudi mbio kwenye kelele. Mimi bado nafanya mizaha, mnaniona. Lakini alasiri nakwenda Luhu, nasimama pale penye yangeyange, nanyamaza, na sijui kama niliwahi kucheka kitu kikanifurahisha kiasi kile.

Siku ile ya picha ya mwisho hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Tulipita ziwani. Nilingoja mama ampigie baba, au alie, au anikumbushe makoti. Alikaa chini ya ile miti ya miiba, maua yanamwangukia kwenye buibui wala hayapangusi, akaangalia juu muda mrefu. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Dadako ataniuliza nimemletea nini kutoka China. Nitamwambia nimemletea ndugu yake, na mapafu yote mawili. Maua nimeyaacha mtini. Akiyataka, aje atembee."